Ng'ombe Saba na Nusu

Kidato cha tatu niligombana na mwanamume wa kwenye kitabu cha hesabu. Hakuwa na jina. Kitabu kilimwita tu mtu mmoja, na huyo mtu mmoja alikuwa na shilingi laki moja, akaziweka sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ilimpa faida ya asilimia nane kwa mwaka, ya pili asilimia kumi na mbili. Mwaka ulipokwisha akapata faida ya shilingi elfu tisa na mia sita. Tuliulizwa aliweka ngapi wapi.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, huyu mtu anakumbuka faida mpaka ile mia sita ya mwisho, lakini fedha zake mwenyewe hajui kaweka ngapi wapi. Ni mgonjwa?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu wetu alikuwa kijana, shati moja la Jumatatu na Alhamisi, mshahara wake ukichelewa kila mwezi, na utani wa fedha haukumchekesha. Akasema, "Kaa chini. Swali halijakuuliza afya yake."

Sikukaa. "Na kama huku kunalipa kumi na mbili, kwa nini asizipeleke zote huku?"

Aliyejibu hakuwa mwalimu. Alikuwa mwenzetu wa dawati la nyuma, kijana wa kutoka kwa wafugaji. "Akiziweka zote mahali pamoja," akasema, "ndugu zake watazijua." Alisema bila utani hata chembe, akatushangaa tulivyocheka mpaka kengele ikalia.

Ilikuwa enzi za ruksa. Kilosa tulikuwa tumetoka kupanga foleni ya sabuni ya mche, ghafla madukani kukajaa sabuni za kunukia za rangi tatu, na sokoni mitumba ikarundikwa mpaka mtu unachagua koti la baridi kwenye jua la Kilosa. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa fedha za kukinunulia. Neno "mwekezaji" nalo lilikuwa jipya. Sisi tulidhani mwekezaji ni mgeni mwenye miwani myeusi anayekuja kutazama mashamba ya mkonge yaliyokufa, anapiga picha, anasema vizuri sana, haonekani tena. Kwamba mtu wa kawaida, mwenye kandambili, anaweza kuwa mwekezaji, hilo halikutuingia.

Lakini ile njia ya kulitatua swali, loo, niliipenda. Mwalimu alisema: usikiogope usichokijua, kipe jina. Kimoja kiite x, kingine y. Halafu tafuta mambo mawili ya kweli yanayovihusu vyote viwili. Ukiwa na kweli mbili, siri mbili zitatoka zenyewe. Akaandika ubaoni, akazidisha, akatoa, y ikafutika, na tazama: elfu sitini huku, elfu arobaini kule. Yule bwana kavuliwa nguo mbele ya wanafunzi arobaini na tano. Mimi ni mtu wa kupenda kujua ya watu, sitaficha, na siku ile nilielewa kwamba hesabu hizi ni umbea wenye ushahidi.

Akaongeza onyo moja. "Mkipata nusu mtu au nusu mnyama, mjue kuna mawili. Ama mmekosea njiani, ama swali linawadanganya." Nililiandika nyuma ya daftari, nikapiga mstari chini yake.

Mwaka uliofuata nikamaliza kidato cha nne, matokeo yakatoka, nikachaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni, mbali. Mtaa mzima wa kota za reli ulijua kabla sijafika nyumbani. Baada ya wiki kadhaa ikaja barua ya kujiunga na orodha yake: ada, mchango wa hiki, mchango wa kile, godoro, sanduku la chuma, ndoo mbili, jembe, fagio la ndani na fagio la nje. Wakubwa walisema wazazi sasa watachangia elimu. Kuchangia kwenyewe kulikuwa kama kualikwa harusi halafu ukaambiwa uje na ng'ombe.

Nikampelekea baba barua. Baba alikuwa amefanya kazi ya reli maisha yake yote, akastaafishwa kabla ya siku zake pamoja na wenzake wengi, wakapewa kiinua mgongo na kupeana mikono. Aliisoma barua mara mbili. Akaikunja. Akasema, "Tutaona."

Toba! Kila mtoto wa nyumba yetu aliijua "tutaona" ya baba. Baiskeli ilikuwa tutaona. Viatu vya Krismasi vilikuwa tutaona. Wadogo zangu walikuwa wanaitumia kwenye michezo yao kumaanisha hapana. Nikaenda jikoni nikamwambia mama kwamba mimi basi tena, nimeshakuwa muuza vitumbua.

"Kwani hana?" nikamwuliza mama. "Kiinua mgongo si alipewa?"

"Alipewa laki sita," mama akasema. "Alizipanda zote."

Hilo lilijulikana na wote, maana baba mwenyewe alilitangaza wiki ile ile. Laki sita, hata senti moja haikuliwa, zote kazipanda sehemu mbili: ng'ombe, kwa rafiki yake mfugaji wa Msowero, na miwa, Ruhembe. Wenzake walinunua redio kubwa na kuoa. Yeye alipanda. Alilisema hilo kwenye kila msiba na kila ubatizo.

"Ng'ombe wangapi?" nikauliza.

Mama akaendelea kuchambua mchele. "Mwanangu, mimi nimeishi na baba yako miaka ishirini na miwili, mshahara wake niliujua siku aliyostaafu, tena niliambiwa na jirani. Nitajua ng'ombe?"

Nikamwendea baba mwenyewe, kwa adabu zote, nikachuchumaa. "Baba, ng'ombe wetu wapo wangapi?"

"Wapo."

"Na miwa eka ngapi?"

"Inatosha."

Nilitamani kung'ata mkeka.

Baada ya siku mbili akanituma Mikumi kwa shangazi, dada yake mkubwa, nikamsaidie kazi wakati "tunaona". Shangazi alikuwa na mgahawa kando ya barabara kuu, bati nne na mabenchi sita, akiwapikia madereva wa malori yanayokwenda Zambia na kurudi. Enzi zile malori yalikuwa yameongezeka mno, yote yamebeba vitu ambavyo sisi tulikuwa tukivisikia redioni. Shangazi aliwatukana madereva, wakamlipa, wakarudi kesho yake kutukanwa tena. Nyani wa mbugani nao walikuwa wateja, ila hawakulipa. Kazi yangu ya kwanza asubuhi ilikuwa kulinda chapati kwa fimbo.

Baba alikuwa akipitia hapo kila akienda Ruhembe na kila akirudi. Na kumbe, jamani, yale ambayo nyumbani yalikuwa siri ya serikali, kwa dada yake yalimwagika na supu.

"Baba yako?" shangazi akasema, akikuna nazi. "Hapo ulipokaa ndipo alipokaa mwaka jana, akala wali sahani mbili. Akaniambia, dada, kila ng'ombe kanipa elfu sita mwaka huu. Kila eka elfu ishirini na tano. Jumla nimepokea laki moja na sabini elfu. Nikamwambia hongera, sasa lipa wali. Akasema tutaona."

Nikaacha kumenya vitunguu. "Na alinunua ng'ombe kwa bei gani, shangazi?"

"Elfu thelathini kila mmoja. Na eka, pamoja na mbegu na kulimisha, elfu sabini na tano. Hilo kalisema mara mia."

"Wangapi sasa? Na eka ngapi?"

"Hilo hajasema."

"Hujamuuliza?"

"Nimemuuliza! Kasema wapo." Akasonya. "Mali bila daftari huisha bila habari, mimi nilishamwambia."

Nikakaa pale na kisu mkononi. Kumbe yule mtu wa kwenye kitabu yupo! Anataja bei, anataja faida, anataja jumla, anataja kila kitu isipokuwa ngapi wapi. Nilimwita mgonjwa mbele ya darasa zima, kumbe ndiye aliyenizaa.

Mchana, wateja walipopungua, nikachana karatasi ya mfuko wa saruji, nikakaa juu ya ndoo. Ng'ombe nikawaita x, eka nikaziita y. Kweli ya kwanza: elfu thelathini kwa kila ng'ombe, elfu sabini na tano kwa kila eka, jumla laki sita. Kweli ya pili: elfu sita kwa kila ng'ombe, elfu ishirini na tano kwa kila eka, jumla laki moja na sabini elfu. Nikaizidisha ya pili mara tatu ili eka zilingane na za juu. Ikawa elfu kumi na nane kwa ng'ombe, sabini na tano kwa eka, jumla laki tano na kumi elfu. Nikaitoa kwenye ya kwanza. Eka zikafutika zote. Zikabaki elfu kumi na mbili kwa kila ng'ombe, sawa na elfu tisini.

Nikagawanya. Ng'ombe saba na nusu.

Nikarudia. Saba na nusu. Nikamwita shangazi anihesabie tena kwa kutumia punje za maharage, akanifukuza na mwiko. Nikatafuta eka: tano kamili, safi, hazina ubishi. Ng'ombe saba na nusu.

Basi nikakumbuka onyo la mwalimu. Nimekosea njiani? Thubutu, nimerudia mara nne. Swali linadanganya, basi. Na kama swali linadanganya, anayedanganya ni nani? Baba hana ng'ombe nyumbani kwake. Shangazi kasimulia tu. Aliyebaki ni yule mfugaji wa Msowero, mzee ambaye sisi tulimwona mara mbili tatu kwa mwaka akija na kibuyu cha maziwa ya mgando, anakaa na baba barazani kimya saa nzima, eti ndiyo mazungumzo. Nikasema moyoni, huyu ndiye anayekula nusu ya ng'ombe wetu, na nusu hiyo ni ada yangu. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na jibu lenye desimali. Hapakuwa na mtu wa kunizuia.

Nikamuaga shangazi kwamba narudi Kilosa. Sikumwambia napitia wapi. Nikapata lori tupu linalokwenda Dumila kufuata mahindi, na Dumila nikapata trekta, na jua likiwa limeanza kulegea nikafika Msowero nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Kila mtu alimjua mzee niliyemuulizia. Mtoto mmoja akanipeleka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ala! Binti wa rafiki yangu!" Akaniuliza habari za Kilosa, za baba, za mama, za wadogo zangu kila mmoja na ugonjwa wake wa mwisho, za goti la baba, za paa la jirani lililoezuliwa na upepo. Mimi najibu nzuri, nzuri, nzuri, mguu mmoja mbele. Mke wake akanipa maziwa. Nikayanywa haraka, jambo ambalo hata sasa nikilikumbuka naona aibu.

"Baba amekutuma?"

"Ndiyo," nikasema. Uongo mtupu. "Amenituma niwaone ng'ombe."

Uso wake ulifurahi. Wa nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuomba kuwaona. Akachukua fimbo, tukaenda mpaka kwenye maji ambako kundi lilikuwa linanyweshwa, kundi kubwa, siwezi kusema lilikuwa kubwa kiasi gani. Akaanza kunitambulisha. Yule mwekundu mwenye pembe iliyokunjika ndiye wa kwanza, mkali, alimtupa mtu mwaka juzi. Yule wa kijivu mama yake alikuwa mzazi sana. Yule mwenye baka jeupe machoni ni mchoyo wa maziwa lakini hakosi kuzaa. Alinionyesha kama unavyomwonyesha mgeni wakwe zako, kwa kidevu tu, mmoja mmoja, na sifa zake.

Mimi nikawa natumia kidole. Nimekinyoosha hasa, na kwa sauti: "Mmoja. Wawili. Watatu." Kufika kwenye watano mzee alikuwa amepunguza maneno. Wa sita alimwonyesha bila sifa yoyote. "Saba," nikasema. "Wanane."

Wanane! Nikatoa karatasi ya saruji mfukoni. "Mzee, hesabu yangu inasema saba na nusu."

Akainama kuitazama. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamsomea yote. Bei, faida, x, y, kuzidisha, kutoa. Nikamwambia mwalimu wetu anasema ukipata nusu mnyama kuna mtu anadanganya. "Sasa, mzee, hapa kuna tatizo. Ama faida unayompelekea baba haijakamilika, ama..." Sikumalizia. Lakini nilikuwa nimesema ya kutosha.

Ng'ombe wakanywa maji. Halafu mzee akaonyesha kwa kidevu yule wa nane, mtamba mweusi. "Siku ya kumnunua huyu, baba yako alipungukiwa elfu kumi na tano. Nikaziweka mimi. Nusu yake, nusu yangu." Akaitazama karatasi tena, kwa heshima kabisa. "Karatasi yako ina akili. Imejua mpaka ya mtamba."

Je, niliona haya? Sikuona haya hata kidogo. Nilifurahi! Nilitaka kuruka. Hesabu imetoka! Jibu ni sahihi mpaka nusu yake! Nilikuwa nimejaa majivuno kiasi kwamba sikumtazama usoni.

"Baba yako hajawahi kuwahesabu," mzee akasema. "Miaka mitatu."

"Baba hesabu hazijui," nikamjibu, nikicheka.

Nikalala kwa mke wake, asubuhi mzee mwenyewe akanitafutia gari la kunifikisha Kilosa, akalipa nauli. Hakunipa maziwa ya kumpelekea baba. Nililiona hilo, nikadhani maziwa yamekwisha.

Nyumbani nilimnong'oneza mama tu. "Saba na nusu, mama. Na eka tano. Ada yangu ipo, na ya wadogo zangu ipo." Mama akaweka mkono mdomoni. Aliuliza nimejuaje, nikamweleza kwa majivuno, nilipofika kwenye kidole changu akasema, "Umewanyooshea kidole?" Nikamwambia sasa ningewahesabu kwa nini, kwa masikio? Akaniambia ninyamaze, nisimwambie baba, labda yatapita.

Hayakupita. Siku ya nne, asubuhi, nikasikia kelele nje. Kota za reli zimejengwa kwa mstari, nyumba mgongo kwa mgongo, kila nyumba ina kibustani cha mchicha chenye ukubwa wa kanga. Katikati ya mstari huo walikuwa wanakuja ng'ombe wanane. Mwekundu wa pembe iliyokunjika alikuwa amekwishakula mchicha wa nyumba namba tatu. Wa kijivu alikuwa amesimama na shuka la mtu mgongoni. Wastaafu wa reli wote wametoka na vikoi, watoto wanapiga kelele, jirani yetu anapiga masufuria. Ningekuwa mtoto wa nyumba nyingine ningecheka mpaka nife.

Nyuma yao alikuwa yule mzee, na vijana wake wawili. Walikuwa wametembea siku mbili.

Baba akatoka na mswaki mdomoni. Wakasalimiana, mikono ikashikana muda mrefu. Mama akatoa kiti, mzee akasema asante, hakukaa. Akaletewa chai, akaomba maji. Alikunywa akiwa amesimama.

"Rafiki yangu," akasema, "binti alikuja kuwahesabu. Mtu akijiwa kuhesabiwa ng'ombe alionao, ameitwa mwizi kwa adabu. Nikasema, kumbe nyumba ya rafiki yangu haina usingizi. Basi hawa hapa. Nimewaleta ulale."

Baba akautoa mswaki. "Nani alimtuma?"

"Alisema ni wewe."

Baba akanitazama. Angeweza kusema pale pale kwamba nimedanganya. Nilimsubiri aseme. Nilitaka aseme. Lakini angenifanya mwongo mbele ya mtaa mzima, na hakufanya hivyo. Alinyamaza, na kunyamaza kwake kukawa ndiyo, mimi nilimtuma.

"Na mtamba?" baba akauliza. "Nusu ni yako."

"Nusu haitembei," mzee akasema. "Mwache na wenzake." Akageuka kidogo, akaonyesha kwa kidevu, mwekundu na mwenye baka. "Wale wawili tuliosema wa shule ni huyu na huyu. Tulisema tusubiri wanone, bei ipande. Lakini ndiyo hivyo."

Nilisikia. Nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kwao. Wale wawili tuliosema wa shule. Walikuwa wamekaa barazani kwetu, saa ile nzima ya kimya niliyokuwa nikiicheka, na walikuwa wamelimaliza jambo langu.

Mzee akaaga. Baba akavaa viatu haraka amsindikize, maana mgeni wa namna ile husindikizwa mpaka mtoni, hata na mbele yake. Mzee akamwekea mkono begani. "Usinisindikize," akasema. Wakaondoka, yeye na vijana wake, na baba akabaki amesimama na kiatu kimoja kimefungwa.

Wanane, kota za reli, kiangazi. Tungewaweka wapi? Usiku wa kwanza tuliwafunga kwenye nguzo za goli la watoto. Siku ya pili majirani walikwenda kwa mwenyekiti. Wachinjaji wa Kilosa walinusa shida yetu, wakaja na bei ya kutupa, na kila siku iliyopita bei ikashuka tena. Baba hakubishana. Kilichokuwa kikiniumiza hasa ni jinsi alivyowaaga. Kabla hajapokea fedha alimsemea kila mmoja sifa zake kwa mchinjaji, huyu mkali, huyu mama yake alikuwa mzazi, na mchinjaji akawa anaitikia haya, haya, akitazama mapaja.

Wa mwisho kuondoka alikuwa yule mtamba. Baba akaja nyuma ya nyumba na fedha zimefungwa kwenye leso. Ada ilitosha, godoro, sanduku, ndoo, mafagio yote mawili, na chenji. Sijawahi kuchukia fedha kama zile. Nikapiga magoti kwenye majivu, nikasema, "Baba, nisamehe. Nilidhani hutanipeleka. Niandikie barua, nitaipeleka Msowero mwenyewe, kwa miguu."

"Utamwambia nini?" akauliza. Hakuwa amekasirika. Ningeshukuru angekasirika.

Lile jibu langu lilikuwa sahihi mpaka nusu, na hapakuwa na kosa la kulirekebisha.

Akaniwekea leso mkononi, akanikunja vidole juu yake kama unavyompa mtoto mdogo.

"Haya, mama," akasema. "Sasa tunajua walikuwa wangapi."